UTUNZAJI WA BAISKELI PWANI

Wapandao baiskeli kwa matembezi huko Shella, Malindi, hukaa karibu sana na bahari. Upepo huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu. Kwa hiyo baiskeli ya pwani yataka uangalizi zaidi kuliko ya bara.

Kwanza, mnyororo. Ufute kwa kitambaa chenye maji matamu, kamwe si ya bahari, kisha uukaushe. Tia tone moja la mafuta katika kila kiungo, zungusha kanyagio, halafu futa mafuta yaliyobaki nje. Yakiachwa hushika mchanga, nao mchanga husaga chuma kama tupa.

Pili, breki. Hapa ndipo penye hatari ya maisha. Waya huliwa na kutu ndani ya ala yake pasipo kuonekana. Ukiona uzi mmoja tu umekatika, badili waya wote. Wala mafuta yasiguse ringi, maana breki haitashika.

Tatu, kiti. Keti, weka kisigino juu ya kanyagio lililo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Kiti kikiwa chini mno, magoti huumia. Kikiwa juu mno, kiuno huyumba.

Kabla ya kuingia barabara kuu ya Mombasa, bana breki zote mbili, uisukume baiskeli mbele. Magurudumu yakizunguka, usiondoke, tengeneza kwanza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.