SOMO: Kulikagua faili la ramani kabla ya kulituma

Siku hizi taarifa nyingi za miradi ya maji huambatana na faili la ramani. Ndani yake hamna picha, mna namba tu: kisima ni nukta, bomba ni mstari, na eneo la kijiji ni mzunguko wa nukta unaorudi pale ulipoanzia. Kwa kuwa ni namba, wengi hulipokea na kulituma mbele bila kulifungua. Hapo ndipo kisima kinapopotea.

Kulifungua hakuhitaji mtaalamu wala programu ya kununua. Kwenye kompyuta yenye intaneti, nendeni geojson.io, kisha buruteni faili na kuliachia juu ya ramani. Faili lenye mwisho wa .geojson au .kml litaonekana mara moja. Lile liitwalo shapefile kwa kweli ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja: .shp lina maumbo, .shx ni faharasa yake, .dbf lina jedwali la majina, na .prj hueleza mfumo wa vipimo. Yawekeni yote katika zip moja na kuyafungua mapshaper.org. Anayetuma .shp peke yake ametuma maumbo yasiyo na majina.

Kwanza tazameni kama nukta zimeangukia nchi yetu. Dodoma mjini ni latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Katika GeoJSON longitudo hutangulia, kinyume cha mazoea ya wengi. Zikibadilishana nafasi, kisima cha Dodoma huangukia baharini, magharibi ya Tangier, Moroko. Alama ya kutoa ikisahauliwa, kinahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Makosa haya yanachekesha, na heri yake ni kwamba hata mtoto anayaona.

Kosa dogo ndilo la hatari. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Namba za mfumo mmoja zikisomwa kama za mwingine, nukta husogea takriban mita 300. Kata ni ile ile, lakini kisima kimevuka korongo hadi kitongoji jirani. Mkaguzi wa mfadhili atakuta shamba la mtama, na kamati iliyochimba kwa jasho itaulizwa fedha zimekwenda wapi. Faili likikosa .prj, ulizeni mfumo uliotumika kabla ya kuendelea.

Kosa hili aliye ofisini hawezi kuliona, mwenyeji ataliona. Washeni picha ya setilaiti, mwiteni fundi wa pampu au mama wa kamati ya maji, bofyeni nukta moja moja na kumuuliza: hapa ni wapi? Atatafuta mwembe, paa la shule, njia ya ng'ombe.

Someni na jedwali. Shapefile hukata vichwa vya safu kwenye herufi ya 10, hivyo "idadi_ya_watu" na "idadi_ya_watoto" vyote huanza kwa "idadi_ya_w", na msomaji hajui ipi ni ipi. Tumieni vichwa vifupi.

Mwisho, nyumba za wagonjwa na yatima zisiwekwe kwenye ramani ya kusambazwa. Mapshaper hufanya kazi ndani ya kompyuta yenu bila kupeleka faili kwingine, lakini likishatumwa kwa barua pepe halirudi.