MAPANGABOI MAKUBWA YA DARI: YAPIMWE KWA UPEPO UNAOMFIKIA MTU

Watumishi wa Serikali wanaoshughulikia ununuzi, wakuu wa skuli na vituo vya afya, pamoja na wananchi wanaosimamia misikiti, kumbi na maghala, wanaletewa somo hili kuhusu namna ya kulinganisha mapangaboi makubwa ya dari, yaani yale yenye upana unaozidi mita 2 na kufikia hata mita 7. Bidhaa hizo zimeingia katika soko kwa sifa nyingi. Aghalabu mnunuzi huonyeshwa upana na bei, kisha huambiwa kwamba mota ni ya kisasa, isiyo na giaboksi. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi kumwezesha kuamua.

Mfano utakaotumika ni wa kijiji cha Namawala, magharibi ya mji wa Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Joto la huko lina unyevu kama la visiwani, wakaazi wake ni wakulima wa mpunga, na mbu wake wamechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ifakara, kituo ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1949. Tena bonde hilo si geni kwa msomaji wa Unguja ingawa huenda hajapata kulikanyaga. Umeme unaofika Fumba kwa waya wa chini ya bahari hutoka katika gridi ya Taifa, na ndani ya gridi hiyo mna umeme wa Kihansi, megawati 180, na wa Kidatu, megawati 204, mitambo miwili iliyo pembezoni mwa bonde hilohilo. Maji ya Kilombero hatimaye huingia Rufiji, penye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lililoanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Waliokuwapo Unguja mwaka 2008, na tena kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, waya ulipopata hitilafu na kisiwa kizima kikakaa gizani, hawahitaji kuelezwa thamani ya kila wati iliyo mwisho wa waya huo. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini matumizi nayo hayakusimama.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wanakijiji wa Namawala wanataka kutia upepo katika ukumbi wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, paa la bati, na kimo cha mita 6. Wazabuni wanajitokeza. Mmoja analeta pangaboi moja la mita 7.3 lenye giaboksi. Wa pili analeta la upana huohuo ambalo mota yake imeshika kitovu moja kwa moja. Wa tatu, ambaye kwa kawaida huchekwa, anataka kutundika mapangaboi madogo ya mita 1.4 kama yaliyomo majumbani.

Kwanza yafaa kueleweka giaboksi ilitoka wapi. Pangaboi la dari la umeme lililobuniwa na Philip Diehl huko Marekani mwaka 1882, kwa kutumia mota aliyoitengeneza kwa ajili ya cherehani, halikuwa na mkanda wala shafti ndefu. Mota iliyazungusha mabawa palepale darini. Kwa hiyo kuzungusha moja kwa moja si uvumbuzi wa juzi. (Jina pangaboi lenyewe ni la zamani zaidi, na linadhaniwa kutokana na yule boi aliyekuwa akivuta kamba ya panka la kitambaa.) Tatizo lilizuka mabawa yalipokuzwa. Mota ya kawaida hupenda kwenda mbio, karibu mizunguko 1,450 kwa dakika. Bawa la pangaboi la mita 7.3 likizungushwa kwa mwendo huo, ncha yake ingekwenda zaidi ya mita 550 kwa sekunde, yaani ingeipita sauti. Ndiyo maana mapangaboi makubwa ya miaka ya 1990, ambayo kwanza yalikusudiwa ng'ombe wa maziwa wa Marekani na wala si binadamu, yalitiwa giaboksi ili mwendo ushuke hadi mizunguko 60 hivi.

Giaboksi hutoza ushuru wake. Sehemu ya nguvu hupotea katika kusuguana kwa meno na kukoroga mafuta, mafuta huvuja yakadondokea watu au magunia, na sauti husikika usiku. Mota mpya hukwepa hayo kwa kuwekewa sumaku nyingi za kudumu kuzunguka kitovu, hata ikaweza kusukuma kwa nguvu huku ikienda polepole. Kwa upande wa umeme na utulivu mzabuni wa pili anamshinda wa kwanza, na hapo hakuna haja ya ubishi.

Sasa aje wa tatu. Kanuni za mapangaboi zinasema kwamba ikiwa maumbo yanafanana na ncha za mabawa zinakwenda kwa kasi moja, upepo hufuata eneo linalofagiwa na mabawa, na umeme nao hufuata eneo hilohilo. Ncha ya pangaboi la mita 1.4 linalozunguka mara 300 kwa dakika huenda karibu mita 22 kwa sekunde. Ile ya mita 7.3 inayozunguka mara 60 huenda karibu mita 23. Kasi ni moja! Eneo la kubwa ni mara 27 ya eneo la dogo, kwa hiyo pangaboi moja kubwa lina kazi ya madogo 27, wala ukubwa peke yake haumpi mtu upepo wa bure.

Tofauti iko katika mota. Pangaboi dogo la aina ya zamani hula wati 75 hivi, na yakiwa 27 jumla ni kilowati 2 na ushei. Kubwa lisilo na giaboksi hula karibu kilowati 1.2. Lakini dogo la aina mpya, lenye sumaku za kudumu kama kaka yake mkubwa, hula wati 32 au chini ya hapo, na 27 yakiwashwa pamoja hayafiki kilowati 0.9. Yakifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, madogo ya zamani yatatumia uniti 526, kubwa uniti 312, na madogo mapya uniti 225. Yule aliyechekwa, iwapo ataleta mota mpya, ndiye mwenye hesabu ndogo kuliko wote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kubwa limekwisha kushindwa. Madogo 27 yanataka nyaya 27, swichi na fimbo ndefu za kuyashusha kutoka paa la mita 6, na fundi wa kupanda ngazi mara 27 kila vumbi likijaa. Pumzi ya pangaboi kubwa ni nene. Hushuka hadi sakafuni na kutambaa hadi ukutani, ilhali ya dogo likitundikwa juu sana hutawanyika kabla ya kumfikia aliyeketi. Kwa ghala au ukumbi wenye dari ya juu, kubwa ndilo linalofaa. Kwa afisi yenye dari ya mita 3 halifai kabisa, kwa kuwa mabawa yake yanatakiwa yawe angalau mita 3 juu ya sakafu, na uzito wake unaozidi kilo 100 unataka boriti iliyokaguliwa na mhandisi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni mwendo. Upepo hupungua sawasawa na mizunguko, lakini umeme hupungua kwa mchemraba wake: mizunguko ikipunguzwa nusu, upepo hubaki nusu, na umeme hubaki sehemu moja tu katika nane. Pangaboi letu la uniti 312, likiendeshwa kwa asilimia 60 ya mwendo, kwa hesabu ya karatasini lingetumia uniti 67. Kwa kuwa kidhibiti mwendo nacho hula kidogo, na itiwe 80. Punguzo hilo ni kubwa kuliko lolote litokanalo na kubadilisha kampuni. Hapa ndipo ilipo hila ya matangazo: mzabuni mmoja hutaja upepo wa mwendo wa juu kabisa, kisha hutaja umeme wa mwendo wa chini. Takwimu zote mbili ni za kweli ila si za saa moja. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2020, iliagiza mapangaboi yanayozidi upana wa mita 2.1 hivi yapimwe mahali pawili. Katika mwendo wa juu yapate alama isiyopungua 1.00, na katika asilimia 40 ya mwendo isiyopungua 1.31, alama hiyo ikiwa ni ulinganisho na pangaboi la kigezo linalofanya kazi hiyohiyo. Fomu ya zabuni inaweza kudai karatasi ya vipimo vya namna hiyo bila gharama yoyote.

Katika ghala la mpunga tahadhari moja yatosha. Pangaboi la dari humsaidia mpagazi, halikaushi mpunga uliomo ndani ya magunia. Kukausha kunataka upepo upenye katikati ya punje, na pangaboi la dari halina nguvu ya kusukuma namna hiyo. Likiwashwa usiku wa masika huenda likaurudishia mpunga unyevu ulioondolewa na jua.

Kwenye wodi na mabweni mambo ni mazito zaidi, na hapo Namawala ina la kufundisha. Uchunguzi uliofanyika kijijini hapo katika miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara zaidi ya 300 kwa mwaka. Ni katika wilaya hizo za Kilombero na Ulanga ulipoendeshwa mradi wa vyandarua wa KINET, ambao matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vilivyotiwa dawa na nafuu ya asilimia 27 katika uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Watu hukiacha chandarua kwa sababu nyingi, na iliyo kubwa mojawapo ni joto. Vipimo vilivyochukuliwa Afrika na Asia vimeonyesha kwamba chandarua hukata zaidi ya nusu ya upepo unaokipiga. Maana yake, pangaboi lililosifiwa maabara kwa kutoa upepo wa mita 1 kwa sekunde humfikishia mgonjwa aliye ndani ya chandarua chini ya nusu mita, naye atakifunua. Pangaboi si badala ya chandarua, maana umeme ukikatika saa nane za usiku mbu wa Namawala hawasubiri. Kazi yake ni kumfanya mtoto aweze kulala ndani ya chandarua hadi asubuhi.

Kwa hiyo kamati ya kupokea mapangaboi ya wodi au bweni isiridhike kusimama chini ya mabawa na kuinua uso. Itundike chandarua kitandani, iweke kipima upepo mahali pa mto, isome, kisha isome wati kwenye mita wakati huohuo. Ifanye hivyo katika kitanda cha katikati na katika kile cha pembeni kabisa, kwa mwendo ambao wauguzi watautumia usiku. Upepo ukigawiwa kwa wati, ndipo zabuni mbili zinapolinganishika. Huenda pangaboi lenye sifa ndogo likashinda kwa sababu pumzi yake inafika pembeni, na huenda madogo, moja juu ya kila vitanda viwili, yakawashinda wote.

Limebaki suala la ufundi. Giaboksi ikiharibika, fundi wa magari wa Ifakara au wa Darajani ataifungua. Mota ya sumaku haina kitu cha kufungua, lakini haiwezi kwenda bila kidhibiti chake cha elektroniki, na kidhibiti huchukia mambo matatu yapatikanayo kwetu kwa wingi: umeme unaopanda na kushuka, unyevu, na chumvi ya bahari. Mkataba utaje kiwango cha volti ambacho chombo kinastahimili, kinga ya radi, na muda wa dhamana ya kidhibiti mbali na ule wa mota. Kidhibiti kifungwe ndani ya kisanduku kisichopitisha vumbi, mahali pakavu panapofikiwa kwa mkono, pasipo kupanda ngazi. Kwa kila mapangaboi matano, kidhibiti kimoja cha akiba kinunuliwe siku hiyohiyo na kuandikwa katika daftari la stoo.