Ndoa Isiyo na Watoto

Ulizo: Je, mume na mke wasiopata mtoto wana kosa mbele ya Mungu?

Jibu: Hapana. Wenye ndoa wapaswa kuwapokea watoto wanaojaliwa na Mungu. Kuwakataa kwa uchoyo ni kosa. Lakini mtoto ni zawadi, si deni. Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki hata kabla ya kumpata Yoane. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu. Pasipo watoto kifungo chake chadumu.

Basi jamaa wakimwambia mume, «Mrudishe kwao, turudishiwe mali,» asiwasikie. Wala wasimlaumu mke peke yake: pengine asiyezaa ni mume. Wakae pamoja, wakiwalea yatima wa ukoo.