SOMO LA AFYA: KUPUNGUZA UNENE BILA KISU, KWA MSAADA WA WENZETU



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulicheka mbele za watu na kulilia faraghani, nalo ni uzito wa mwili unaopita kiasi. Tumelichagua kwa sababu linagusa riziki yetu. Mwenye magoti mabovu hawezi kubeba magunia. Mwenye presha iliyopanda aweza kuanguka karibu na mashine. Mwenye kisukari kisichotunzwa aweza kupoteza mguu au macho, na pamoja navyo akapoteza kazi. Chama hutetea mshahara, lakini mshahara hupokewa na mtu aliye hai.

Tutachukua mfano wa Pajulu, kando ya Arua, ila mwanachama wa Koboko au wa shamba lolote la miwa atayaona mambo yake humu.

1. UNENE UNATOKA WAPI?

Tuanze na historia yetu. Tangu siku za ukoloni, vijana wa West Nile walisafiri kwenda kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi. Huko walipewa posho, yaani mgao wa chakula wa kibarua, na jina hilo likabaki kuwa jina la unga wenyewe. Mgao ule ulikuwa wa mtu anayeinama na panga tangu alfajiri. Jasho lake lilimaliza kila alichokula.

Leo mjukuu wake ni mlinzi wa ghala, karani, dereva, au mwendesha mashine anayeketi saa nane. Pajulu, iliyokuwa kijiji cha pembeni, imeingia katika Jiji la Arua lililoanza Julai 2020. Njia tuliyokuwa tukiitembea kwa mguu sasa tunapanda bodaboda. Lakini bonge la enyasa kwenye sahani halikupungua. Tena tumeongeza chapati, mandazi, soda, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na jioni kwete. Anayefanya kazi ya usiku yuko hatarini zaidi, kwa maana usingizi mchache huongeza njaa, na chakula cha saa nane za usiku mara nyingi ni cha kukaanga.

Kwa hiyo tusimwambie mwenzetu kuwa ni mlafi. Kazi imebadilika, mji umebadilika, na sahani imebaki ya zamani.

2. WOGA WA KUKONDA

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya wageni hawalitaji. Kwetu unene ni sifa. Wazee wetu wanakumbuka ukimbizi wa baada ya 1979, watu walipovuka kwenda Zaire na Sudan, na njaa waliyoiona huko. Kwao mwili mnono ni alama ya amani. Kisha katika miaka ya 1980 Ukimwi uliingia Uganda, na watu wakauita «slim» kwa sababu mgonjwa alikonda. Tangu wakati huo, mtu akipungua kilo tano, majirani huanza kunong'ona, na mke huulizwa maswali kisimani.

Ndiyo sababu wengi huanza vizuri na kuacha mwezi wa pili. Hawakushindwa na njaa, walishindwa na maneno ya watu. Mtu peke yake hawezi kujibu kijiji kizima. Watu kumi wanaopungua pamoja, na kila mtu akijua kwamba wamo katika kikundi cha afya cha chama, hakuna wa kuwanong'onea.

3. TUJIPIME

Njia ya kwanza ni kamba. Pima urefu wako kutoka unyayo hadi utosi, kisha ikunje kamba hiyo mara mbili. Ijaribu kuzunguka kiuno, usawa wa kitovu. Ikikutana, vema. Isipokutana, mafuta yamezidi tumboni, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo.

Njia ya pili ni hesabu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mwenzetu wa kilo 92 na urefu wa mita 1.68 atapata karibu 32.6. Kutoka 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito unaofaa. Kutoka 25 ni uzito uliozidi, na kutoka 30 ni unene wa kuhatarisha afya.

Njia ya tatu ni kupimwa presha na sukari katika kituo cha afya. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana presha ya juu, na walio wengi kati yao hawakuwa wakijua. Presha haipigi hodi.

4. KISU KINAFANYA NINI?

Upo upasuaji wa kupunguza unene. Daktari hukata sehemu ya mfuko wa tumbo, au huunganisha utumbo upya ili chakula kipite njia fupi. Ulianza katika miaka ya 1950. Hatusemi ni uongo. Kwa mtu ambaye hesabu yake imefika 40, au 35 pamoja na ugonjwa mkubwa kama kisukari, waweza kumwokoa, na uamuzi huo ni wake na daktari wake.

Lakini mfanyakazi azijue gharama zote. Kwetu West Nile upasuaji huo ni safari ya Kampala, karibu kilomita 500, au ya ng'ambo, na ni mamilioni ya shilingi. Mtu auze kiwanja au ng'ombe wa watoto? Baada yake kuna vidonge vya vitamini vya maisha yote na kuonana na daktari mara kwa mara. Na jambo wengi wasiloambiwa: aliyepasuliwa hulazimika kubadili ulaji na kutembea vilevile, la sivyo uzito hurudi. Basi kazi ambayo haina budi kufanywa baada ya kisu, yafaa tuijaribu kwanza kabla ya kisu.

Jihadharini pia na vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi na sokoni. Nyingi hazina maelezo ya kilichomo, na nyingine huharisha tu: kinachopungua ni maji, mafuta yanabaki.

5. USHAHIDI KWAMBA INAWEZEKANA

Nchini China, katika mji wa Da Qing, mwaka 1986 walianza kuwafuatilia watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi walipata kisukari kwa uchache kuliko wenzao, na miaka 30 baadaye vifo vilikuwa vichache miongoni mwao.

Marekani, taarifa ya mwaka 2002 ilihusu watu 3,234. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31.

Asilimia 7 ni nini? Kwa mwenzetu wa kilo 92 ni kilo sita na nusu hivi. Hakuambiwa awe mwembamba kama fimbo. Kilo sita na nusu tu, kwa nusu kilo au kilo moja kila wiki, zinatosha kuleta faida kubwa mwilini.

6. KWA NINI KIKUNDI?

Mwili ukipungua hujitetea: njaa huongezeka na matumizi ya nguvu hushuka. Hapo ndipo mtu huhitaji mwenzake. Mwaka 1961, mjini New York, mama wa nyumbani Jean Nidetch aliwaita rafiki zake nyumbani kwake ili wasimuliane shida zao za kula. Kutoka mikutano ile likazaliwa shirika lililoenea duniani.

Lakini hatuna haja ya kwenda New York. Mwaka 1987, hapa Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, ambako waliokuwa wakiishi na Ukimwi walishikana mikono wakati wengine waliwakimbia. Vikundi vyetu vya kuweka akiba navyo hukutana kila wiki, huandika daftari, na kila mtu hujua zamu yake. Ujuzi tunao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tawi lifanye hivi:

(a) Wakusanyike watu 8 hadi 12 wa zamu moja, na wachague mwenyekiti na mtunza daftari.
(b) Wanunue mizani moja kwa mchango, au wamwombe mwajiri.
(c) Wakutane mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, muda usiozidi saa moja. Kila mmoja apimwe faraghani na kilo ziandikwe. Hakuna kutangaza kilo za mtu, hakuna kucheka.
(d) Kila mmoja aseme jambo moja lililomshinda wiki hiyo na jambo moja atakalojaribu.
(e) Asiyefika afuatwe nyumbani, kama tunavyomfuata mgonjwa. Aliyeongezeka asifukuzwe, huyo ndiye anayekihitaji kikundi zaidi.
(f) Baada ya wiki 12, wakutane walau mara moja kwa mwezi ili kilo zisirudi.

7. SAHANI NA MIGUU

Chakula chetu kinatosha, hatuhitaji cha dukani. Nusu ya sahani iwe mboga: dodo, majani ya kunde, kabichi. Robo iwe maharage, samaki au kunde. Robo iliyobaki iwe enyasa au posho. Mchuzi wa simsim na karanga ni chakula bora lakini una mafuta mengi, hivyo kijiko kipimwe. Embe liliwe lenyewe, lisigeuzwe juisi yenye sukari.

Tuhesabu chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vinne kila kimoja, ni vijiko 16, karibu gramu 64 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi kama gramu 50 kwa siku, na 25 ni bora zaidi. Mtu apunguze kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Kwete na waragi navyo vinanenepesha.

Kuhusu mwendo, dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia. Anayetoka Pajulu kwenda mjini ashuke kwenye bodaboda kabla ya kufika, amalizie kwa mguu, na nauli iliyobaki aiweke kwenye akiba ya kikundi.

TAHADHARI: anayemeza dawa za kisukari au presha asiziache kwa sababu amepungua. Aende kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Arua, dozi ipangwe upya na wenye ujuzi. Mjamzito asifanye mpango wa kupungua. Na mtu akikonda bila kukusudia, huo waweza kuwa ugonjwa, akapimwe upesi.

8. KAZI YA CHAMA

Mfanyakazi hawezi kula mboga kama mgahawa wa kiwanda hauziweki. Katika mapatano na mwajiri, tawi lidai maji safi ya kunywa, mboga katika chakula cha mchana, muda kamili wa kula, zamu za usiku zisizofuatana mno, na upimaji wa presha na sukari kila mwaka. Majibu ya vipimo yawe siri ya mfanyakazi, yasitumiwe kumwachisha kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ni kazi zipi mahali petu zinazomfanya mtu aketi kutwa nzima?
2. Mwenzetu akianza kupungua, sisi husema nini? Tunapaswa kusema nini?
3. Chakula cha mgahawa wetu kinakosa nini, na nani atakwenda kuzungumza na uongozi?
4. Nani yuko tayari kuandikwa wa kwanza katika daftari la kikundi, na mkutano wa kwanza utakuwa siku gani?