Jina Unalomwita Jirani Yako

Somo la mwezi huu
Soma kwanza: Ruthu 2:1-13, Yakobo 3:5-10



Tukifundishwa habari ya kuutawala ulimi, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya matusi, masengenyo na uongo. Ni vema, maana hayo yote ni dhambi. Lakini liko neno jingine ambalo si tusi, nalo limewaumiza wengi hapa kwetu. Ni neno "mkimbizi", linapotupwa kwa mtu ili kumnyamazisha.

1. Tukumbuke tulikotoka

Mwaka 1972 watu wengi waliyakimbia mauaji katika Burundi wakaingia nchini kwetu. Serikali iliwapokea na kuwapa ardhi. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo miaka michache baadaye. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga makanisa. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwagawia hati za uraia. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, mkoani Tabora, waliopewa uraia ni zaidi ya watu 160,000. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, na Burundi hawajapata kuiona.

Na sisi tulio mjini Mpanda tusijisahau. Mji huu ulikua kwa sababu ya mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua. Wengi wetu babu zetu walishuka stesheni na mizigo yao kichwani.

2. Bombani

Siku moja nilikuwa karibu na bomba la maji. Akina mama wawili waligombana juu ya zamu ya kuteka. Maneno yalipopamba moto, mmoja akasema, "Wewe mkimbizi, rudi kwenu." Yule mwenzake alikuwa amezaliwa Katumba. Hakujibu. Alichukua ndoo yake tupu akaenda zake. Jumapili iliyofuata wote wawili walikuwa kanisani. Aliyesema alikwenda kupokea Meza ya Bwana. Aliyeambiwa alibaki kwenye benchi la nyuma, ameinamisha kichwa.

Nami nilikuwapo bombani, nikanyamaza. Kwa hiyo somo hili najifundisha mimi kwanza.

3. Neno la Mungu latufundisha nini?

(a) Ruthu alipokwenda kuokota masazo shambani, Boazi aliuliza huyu ni nani. Msimamizi alijibu kwa kutaja kabila lake: ni Mmoabi. Hakusema uongo. Lakini Boazi alipomwendea Ruthu mwenyewe, alimwita binti yake. Ni mtu yule yule, katika shamba lile lile. Kwa jina la kwanza alibaki mgeni, kwa jina la pili alipata nyumbani. Na katika uzao wa Ruthu alizaliwa Daudi, na baadaye Bwana wetu.

(b) Mtume Paulo awaagiza Waefeso waseme kweli kila mtu na jirani yake (Efeso 4:25). Basi kumwita raia mkimbizi si ukali tu, ni kumshuhudia jirani uongo. Na katika barua iyo hiyo awaambia kwamba katika Kristo wao si wageni tena, bali ni wenyeji pamoja na watakatifu (2:19). Kama Mungu amempa mtu uenyeji huo, mimi ni nani nimnyang'anye bombani?

(c) Wako pia wanaocheka matamshi ya wenzao. Wasome Waamuzi 12:5-6, waone jinsi watu walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja. Petro naye alitambulikana kwa usemi wake usiku ule wa mateso (Mathayo 26:73). Dhihaka ndogo huweza kuzaa jambo kubwa.

Lakini tuangalie jambo moja. Ukimbizi wenyewe si aibu. Bwana Yesu alichukuliwa usiku kwenda Misri akiwa mtoto (Mathayo 2:13-15). Mpaka leo wako wakimbizi wa kweli, nao wanastahili heshima. Dhambi ni kulifanya neno hilo kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

4. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tumwite mtu kwa jina lake, au kwa heshima tunayowapa wa kwetu: mama, kaka, shemeji, mzee.

Pili, ugomvi wa maji uwe wa maji, na ugomvi wa mpaka wa shamba uwe wa mpaka. Asili ya mtu isiingizwe.

Tatu, mwingine akisema neno hilo mbele yako, usinyamaze. Sema kwa upole, "Huyu ni ndugu yetu." Linatosha.

Nne, wazazi tuangalie tunayosema nyumbani. Mtoto hatamki shuleni ila alichosikia jikoni.

Tano, kama umekwisha kumwumiza mtu, mwendee kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana (Mathayo 5:23-24). Usingoje yeye aanze.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni majina gani tunayowaita watu wa kabila jingine hapa kwetu? Je, wao wenyewe wangeyapenda?
2. Kwa nini ni vigumu kusema neno wakati rafiki yetu ndiye anayekosea?
3. Je, yuko mtu anayekaa benchi la nyuma kwa sababu ya maneno yetu?

Sala
Ee Bwana, uliyetuita watoto wako tulipokuwa wageni, utupe vinywa vya kuwaita wenzetu ndugu, na miguu ya kuwaendea tuliowaumiza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.