Baridi Yabisi Haingoji Uzee
Kijitabu cha nyumba yenye kijana anayeumwa viungo

Maumivu ya viungo tumezoea kuyahesabu kuwa ya wazee. Kwa hiyo binti wa miaka 24 akishindwa kufunga vifungo vya blauzi asubuhi, nyumbani huambiwa amelala vibaya, au kazi zimemzidi, au ni mvivu tu. Anameza Panadol, miezi inapita, na ugonjwa unaendelea kula viungo. Kijitabu hiki ni chake na cha watu anaoishi nao, maana baridi yabisi huonekana nyumbani kabla ya kuonekana hospitali.

NI UGONJWA GANI?

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando huvimba na kujaa majimaji, na usipotulizwa hula gegedu na mfupa. Uharibifu huo mara nyingi huanza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kilivyokuwa kwa dawa. Ugonjwa haukomei kwenye viungo: huweza kupunguza damu, kukausha macho na kudhuru mapafu, na huongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi nao, na karibu 70 kati ya kila 100 ni wanawake. Wengi huanza kuugua wakiwa watu wazima wa makamo, lakini wapo wanaoanza wakiwa na miaka ishirini na kitu.

Hauambukizi. Kula sahani moja au kulala kitanda kimoja na mgonjwa hakumpi mtu ugonjwa huu. Mwenye ndugu wa damu anayeugua ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuupata, na sigara huongeza hatari hiyo.

DALILI ZA KUANGALIA

• Viungo vya vidole vya mikono, vifundo vya mikono au vidole vya miguu vimevimba na vinauma, mara nyingi pande zote mbili.
• Asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kisha hulegea kadiri anavyojishughulisha.
• Uchovu usiokwisha hata akipumzika, homa ndogondogo, kupungua uzito.
• Hali imedumu wiki 6 au zaidi.

Mshike mkono kama mnasalimiana, kisha ubane taratibu pale vidole vinapoanzia. Akisikia maumivu makali, hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kupima.

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Jongo huja ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Chikungunya, ugonjwa wa mbu uliotambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, nayo huweza kuacha maumivu kwa miezi. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari.

UKIFIKA HOSPITALI

Anza kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa kwa daktari wa viungo au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Lenga kumwona ndani ya miezi 3 tangu uvimbe uanze, kwa sababu dawa zikianza mapema ndipo viungo huokolewa. Asubuhi piga picha za mikono iliyovimba kwa simu, maana hadi zamu yako ifike uvimbe huenda umeshuka. Beba na orodha ya dawa zote unazotumia, za duka na za mitishamba.

Utapimwa damu na huenda ukapigwa eksirei. Kipimo kiitwacho RF kikitoka hasi, bado unaweza kuwa na ugonjwa. Eksirei safi miezi ya mwanzo nayo si ushahidi kwamba huumwi.

DAWA: SOMENI SEHEMU HII PAMOJA

Ibuprofeni na diklofenaki hupoza maumivu, lakini haziuzuii ugonjwa. Zikimezwa mfululizo bila usimamizi huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Dawa zinazozuia uharibifu ni nyingine. Inayoanzwa mara nyingi ni methotreksati. Kwenye pakiti utaona jina limeandikwa Methotrexate. Hiyo HUMEZWA MARA MOJA KWA WIKI. Kuimeza kila siku kwa makosa huharibu uboho unaotengeneza damu na kunaweza kuua. Chagueni siku moja, tuseme Ijumaa, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na mtu mwingine nyumbani aijue.

• Pamoja nayo hutolewa asidi ya foliki ya kupunguza madhara. Imeze kwa siku alizokupangia daktari.
• Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Usiache kwa kudhani haifanyi kazi.
• Hudhuria vipimo vya damu na ini kila unapopangiwa.
• Usimeze Septrin ukiwa kwenye methotreksati. Zikikutana huweza kuangusha chembe za damu. Ukienda kutibiwa kitu kingine, iwe kikohozi au malaria, mtajie mhudumu dawa unayotumia.
• Epuka pombe, kwa ajili ya ini.

Prednisoloni huleta nafuu ya haraka, ndiyo maana wengi huipenda. Ikitumika kwa muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Usijiongezee wala usiiache ghafla. Jihadhari pia na dawa za unga au vidonge visivyo na jina vinavyoondoa maumivu siku hiyohiyo. Baadhi huwa vimechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni kwa siri.

YANAYOSEMWA MTAANI

“Ni kwa sababu ya kuoga na kufua kwa maji ya baridi.” Baridi huweza kuongeza maumivu, lakini haileti ugonjwa huu.
“Aache nyama nyekundu atapona.” Ushauri huo ni wa jongo. Hakuna chakula kinachoponya baridi yabisi. Mlo wa kawaida wenye mboga, matunda, kunde, na samaki wenye mafuta kama vibua, unatosha.
“Asitembee, atavunjika.” Kiungo kisichotumika hudhoofu. Siku ugonjwa ukipamba moto apumzishe kiungo kilichovimba. Siku nyingine atembee na kunyoosha viungo.

KAZI NA RIZIKI

Mgonjwa hahitaji kuondolewa kazi zote, anahitaji kupunguziwa zinazobana vidole. Dumu la lita 20 ligawanywe kwenye madumu ya lita 5. Mpini wa mwiko, kisu na ufagio uzungushiwe kitambaa hadi uwe mnene, ili vidole visikunjwe sana. Sufuria ibebwe kwa mikono miwili. Kusonga ugali, kukuna nazi na kukamua nguo nzito apewe mwingine. Kwenye choo cha kuchuchumaa wekeni kiti chenye tundu. Asubuhi mikono iloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kazi.

Msusi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mkulima wa jembe la mkono huumia zaidi, kwa kuwa mikono ndiyo mtaji wao. Kazi nzito ipangwe mchana viungo vikishalegea, na mapumziko yawe mafupi ya mara kwa mara. Aliyeajiriwa apeleke barua ya daktari aombe kubadilishiwa zamu au majukumu.

NDOA NA UZAZI

Ugonjwa huu haumzuii mtu kuoa, kuolewa wala kuzaa. Ila methotreksati, na dawa nyingine ya ugonjwa huu iitwayo leflunomidi, hudhuru mimba. Anayezitumia awe na njia ya uzazi wa mpango, na akitaka mtoto amwone daktari miezi kadhaa kabla, abadilishiwe. Zipo dawa zinazoruhusiwa kwa mjamzito, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini. Wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi baada ya kujifungua. Msaada wa mama mkwe, dada au shangazi upangwe mapema. Akishika mimba kwa bahati akiwa kwenye methotreksati, asimeze dozi nyingine, aende hospitali siku hiyohiyo.

NENDENI HOSPITALI HARAKA IWAPO

• Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto, na ana homa.
• Ana homa kali, vidonda mdomoni, au anatoka damu bila sababu.
• Ana kikohozi kikavu na anahema kwa shida.
• Macho yamekuwa ya manjano, au choo ni cheusi kama lami.
• Shingo inauma na mikono au miguu inakufa ganzi.

NENO KWA FAMILIA

Huyu kijana jioni atacheka na watu na asubuhi atashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Yote mawili ni kweli. Msimpime kwa sura yake, muulizeni ameamkaje leo. Akinyamaza sana, akikosa usingizi au akisema maisha hayana maana, hiyo nayo ni ya kumweleza daktari.

Ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini hutulizwa, na wengi wanaotibiwa mapema husoma, hufanya kazi na kulea watoto wao. Kama nyumbani kwenu yupo mwenye dalili hizi, mpelekeni kliniki wiki hii.