Ukuta wa vioo bila kiyoyozi?

Swali: Najenga ofisi ya ghorofa nne Ibanda. Fundi anataka upande wa magharibi wote uwe vioo. Tutakaa ndani bila kiyoyozi? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Kwa upande huo, hapana. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haihitaji mashine ya kupoza. Tatizo ni jua la alasiri. Huku karibu na ikweta jua la saa sita hupita juu ya paa, lakini la saa kumi hupiga kioo uso kwa uso, na kibaraza hakilizuii. Umeme wa SNEL ukikatika, jengo lisilo na dirisha la kufunguka huwa oveni. Vioo vingi vipeleke kaskazini na kusini. Magharibi acha theluthi tu, uweke mabapa ya kivuli kwa nje.

Fundi akikushawishi kununua vioo viwili vyenye hewa katikati, mwulize vimefungiwa wapi. Vikifungiwa pwani, hewa iliyonaswa ndani huisukuma nje hewa nyepesi ya huku: vioo huvimba na gundi ya kingo huachia. Dai vyenye kijimrija cha kusawazisha hewa. Wauzaji wengi hawalitaji jambo hili.

Halafu kuna tetemeko. Lile la 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Agiza kioo cha tabaka, ambacho kikipasuka vipande hubaki vimeshikwa na plastiki ya kati, na fremu ziachiwe nafasi ya kucheza.